Pasi ya Fundi Cherehani: Joto Kwanza, Mng'aro Baadaye



Katika darasa la ushoni la akina mama linalofanyika kwenye ukumbi wa msikiti wetu hapa Kariakoo, fedha ya kikundi imefikia kiasi cha kununua pasi mpya, na tangu hapo hapajakuwa na utulivu. Wapo wanaotaka pasi ya mvuke, ile yenye tangi la maji na rangi za kuvutia. Wapo wanaotaka pasi kavu, nzito, kama zile walizozikuta kwa mama zao. Naye bibi mmoja, mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani, ameshauri turejee kwenye pasi ya mkaa, kwa hoja kwamba haijui mgawo wa umeme. Kwa kuwa daftari la fedha hizo liko mikononi mwa katibu wa kamati, suala limeletwa kwangu. Na kwa kuwa ni suala la nyumba nyingi zenye cherehani kati ya hapa, Ilala na Magomeni, nimeona jibu lake liandikwe katika safu hii badala ya kubaki kwenye mihtasari ya vikao.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili si dogo. Nguo anayoshona fundi aghalabu si yake. Mteja amekwenda Mtaa wa Uhuru, amechagua kitenge au kitambaa cha baibui, amelipa, kisha amekikabidhi. Kitambaa hicho ni amana. Wanazuoni wa fiqhi wamelijadili kwa kirefu suala la fundi ambaye mali ya mteja imeharibika mkononi mwake: je, atalipa hata kama hakufanya uzembe? Hapo rai zimetofautiana. Ama pakiwa na uzembe hapana mjadala, atalipa. Nami sioni jina jingine la kumpa fundi anayejua kuwa pasi yake hupanda joto ovyo, kisha akailaza juu ya nguo ya harusi ya mtu. Mwishoni mwa Ramadhani, kazi zinapobanana na Idi inakaribia, doa moja la ukubwa wa ncha ya pasi kwenye kifua cha kanzu nyeupe huweza kula faida ya kanzu kadhaa, na pengine likala na udugu.

Aidha, kazi ya pasi katika ushoni si ile ya kunyoosha nguo zilizoanuliwa kwenye kamba. Anayenyoosha shati huisogeza pasi huku na huko. Fundi hukandamiza: huiweka, huhesabu, huinua, huiweka tena mbele kidogo. Mshono uliotoka kwenye cherehani hupigwa pasi kwanza kama ulivyo ili uzi uzame ndani ya kitambaa, ndipo hufunguliwa au hulazwa upande mmoja. Kola ya kanzu huwekewa ndani kitambaa chenye gundi, na gundi hiyo hushika pale mambo matatu yanapokutana: joto, uzito, na muda wa sekunde kumi hadi kumi na tano bila kusogezwa. Pasi ikisogezwa kabla ya wakati, kola hufanya vipovu, navyo hujitokeza baada ya kufuliwa mara mbili, mteja akiwa amekwisha kukusifu mbele za watu.

Wanaoshona mifarishi ya viraka ndio wanaolijua hili zaidi. Mabaki ya vitenge hujaa magunia kwenye baraza za mafundi, na darasa letu limeanza kuyakusanya na kuyaunga kuwa mifarishi ya vitanda na foronya. Mfarishi mmoja wa kitanda kikubwa waweza kuwa na viraka mia mbili, na kila kiungo kinataka kupigwa pasi kabla ya kuungwa na kingine. Kiungo kisicholala vizuri hupoteza upana wa nyuzi mbili tatu tu. Lakini viungo kumi vya namna hiyo katika safu moja vinatosha kuifanya safu hiyo isilingane na mwenzake. Mshonaji hulaumu mkasi, hulaumu cherehani, kumbe tatizo ni pasi nyepesi iliyopita juu ya mshono bila kuulaza.

Sasa pasi ya kutegemewa ni ipi? Jibu langu ni hili: ni ile inayofika kwenye joto uliloliomba na kubaki hapo. Mengine yote ni nyongeza. Ndani ya pasi ya umeme mna kidhibiti joto, ambacho moyo wake ni kipande cha metali mbili za aina tofauti zilizoshikanishwa. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko nyingine, kipande hupinda, umeme hukatika. Zikipoa hunyooka, umeme hurudi. Ule mlio mdogo unaousikia, tik, ndio kazi hiyo. Kwenye kitufe cha kuzungusha zimechorwa nukta. Nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110 za Selsiasi, nukta mbili ni 150, nukta tatu ni 200. Nailoni ina nukta moja. Poliesta, sufu na hariri zina mbili. Pamba na kitani zina tatu.

Mabaibui mengi yanayouzwa sokoni kwetu ni ya poliesta. Kanzu nyingi ni poliesta tupu au mchanganyiko wake na pamba. Khanga na kitenge kizuri ni pamba. Kwa hiyo katika saa moja fundi yule yule huruka kutoka nukta tatu hadi mbili hadi moja, na pasi ambayo kidhibiti chake kimechoka haitamfuata. Humwonyesha nukta mbili, yenyewe imekwisha vuka tatu. Na poliesta haingoji kuungua ndipo iharibike: huanza kwa kung'aa, hasa ikiwa nyeusi, na mng'aro huo hautoki kwa kufuliwa. Dawa yake ni kinga. Weka kitambaa chembamba cha pamba kati ya pasi na nguo; bafta yatosha, na marekani iliyofuliwa mara nyingi ni bora zaidi. Nashangaa kuona mafundi wa miaka mingi wakikosa kipande hiki cha bei ya chai na kitumbua.

Namna ya kuipima pasi dukani ni rahisi, ila inataka subira ambayo msongamano wa Mtaa wa Kongo haumwachii mtu. Toka nyumbani na vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha pamba nyeupe, kingine cha baibui. Kabla pasi haijachomekwa, ilaze juu ya kioo cha meza ya muuzaji; ikicheza, uso wake haukunyooka. Ishike mpini kwa muda wa kumaliza maongezi ya bei, uone kama kiganja kinachoka. Uzito wa kilo moja na nusu hivi wafaa kwa ushoni, kwa kuwa pasi ndiyo ikandamize, si bega lako. Isimamishe wima uguse meza kidogo. Ikianguka dukani, nyumbani kwenye mtoto anayetambaa itaanguka pia.

Kisha ichomekwe, iwekwe kwenye nukta mbili. Usiridhike taa inapozima mara ya kwanza, kwa kuwa pasi nyingi hupitiliza joto katika mzunguko wa mwanzo. Ngoja izime, iwake, izime tena. Hapo ilaze juu ya kipande cha baibui, hesabu hadi kumi, inua utazame kwenye mwanga. Panda hadi nukta tatu, fanya hivyo hivyo kwa pamba nyeupe, lakini hapa uhesabu hadi tano. Pamba ikigeuka rangi ya chai, mrudishie muuzaji pasi yake kwa heshima. Atakwambia, "Mama, hii ni orijino." Huenda ni kweli. Orijino iliyoharibika nayo inaunguza.

Tuje kwenye mvuke, maana hapo ndipo ugomvi ulipo darasani. Sikatai kuwa mvuke ni neema kwa fundi wa suti na kwa kitambaa cha sufu, ambacho hutii unyevu kuliko uzito. Lakini tazameni maji yetu. Nyumba nyingi za katikati ya jiji hutumia maji ya kisima, kwa kuwa bomba lina siku zake, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Maji yale yakichemka ndani ya pasi, chumvi hubaki, hukauka, huziba vitundu vya uso wa pasi, kisha siku moja hutoka kama uji wa kahawia juu ya kanzu nyeupe. Anayetaka pasi ya mvuke basi akinge maji ya mvua, ayahifadhi kwenye dumu safi, na aimwage tangi kila amalizapo kazi. Nyumba zinazofanya hivyo ni chache. Pasi kavu pamoja na chupa ya kupulizia maji hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na chupa ikiziba huvunji kitu cha thamani.

Pia kuna hesabu ya umeme. Pasi kavu huwa na wati 1000 au 1200; za mvuke nyingi ni kuanzia 2000 hadi 2400. Wati 1000 zikiwaka saa nzima bila kukatika ni uniti moja ya LUKU, nayo kwa mteja wa kundi la kawaida imekuwa ikizidi shilingi 350 ukijumlisha kodi. Ni kweli pasi zote mbili huwaka na kuzima, kwa hiyo hesabu halisi ni ndogo kuliko hiyo. Lakini kugeuza maji kuwa mvuke kunakula umeme wa peke yake, na mshonaji huiacha pasi ikiwaka kutwa kwa sababu anaihitaji kila baada ya dakika tano. Katika nyumba zetu za vyumba sita ambazo wapangaji wote wananunua LUKU ya mita moja, pasi ya mwenye cherehani ndiyo chanzo cha minong'ono ya uani. Mwenye kushona kwa biashara aongeze mchango wake kwa hiari kabla hajaambiwa. Kuna wapangaji waliokaa miaka kumi kwa mapenzi wakaachana kwa ajili ya uniti tatu.

Ama pasi ya mkaa, bibi yetu hana makosa yote. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, mafundi wenye pasi za mkaa walikabidhi kazi zao kwa wakati, na wenye za umeme walikaa barazani wakipepea. Uzito wake nao ni mzuri kwa mishono. Lakini haina nukta, joto lake hujulikana kwa mazoea tu, na cheche moja inatosha kutoboa baibui. Zaidi ya hayo, mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akidhani anasinzia. Atakayeitumia aiwashe nje, aitumie penye upepo unaopita, na asiiache ndani usiku hata kama inaonekana imezimika.

Upande wa waya na plagi nitakuwa mkali kidogo. Umeme wetu ni volti 230, na soketi zetu zina matundu matatu. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuuondoa umeme endapo waya wa ndani utagusa chuma cha pasi. Pasi ni chuma kitupu, inashikwa na mtu mwenye mikono yenye maji, mara nyingi akiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Iwapo plagi ina miguu miwili na unalazimika kutia kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili iingie, jua kwamba unaichomeka pasi hiyo bila kinga yoyote. Kwenye meza za mitumba hupatikana pia pasi nzuri sana kutoka Japani na Marekani, nzito na zenye uso laini. Geuza usome maandishi yaliyo chini au nyuma ya mpini. Ikiandikwa volti 100 au 120, iache. Ukiichomeka kwenye 230, pasi ya volti 100 itavuta zaidi ya mara tano ya nguvu iliyotengenezewa, na haitamaliza kola ya kwanza.

Pasi ichomekwe ukutani moja kwa moja. Ikilazimu kutumia waya wa kurefusha, uwe mnene, umekunjuliwa wote, na usishirikiane na friji wala jiko. Pasi ya wati 2400 huvuta zaidi ya ampea kumi. Waya mwembamba uliofungwa kama kamba hupata moto pale pale ulipokunjwa, chini ya kapeti au nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna anayetazama. Watu wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa moto ni nini. Waliuona usiku wa Julai 10, 2021 ukila soko lao kuu.

Baada ya haya kuna suala la kununua, na hapa naomba wasomaji waitumie haki ambayo wengi wameisoma madrasa wakaiacha huko huko. Katika fiqhi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu pwani hii, mnunuzi ana khiyari. Maadamu wewe na muuzaji hamjaachana pale mlipouziana, kila mmoja anaweza kughairi. Zaidi ya hapo, mnaweza kushartiana khiyari ya muda maalumu, usiozidi siku tatu, ambapo mwenye khiyari anaweza kurudisha bila kudaiwa sababu. Siku tatu zinatosha kabisa kuijua pasi. Lakini sharti hilo lisemwe wakati wa kuuziana, wala haliingii lenyewe. Sema waziwazi, "Kaka, nanunua kwa sharti la siku tatu, isiponifaa naileta ilivyo." Baadhi watakataa. Wengine, hasa wenye maduka ya kudumu, watakubali, na kukubali kwao ni habari njema kuhusu pasi yenyewe.

Lipo pia lile la aibu, yaani kasoro iliyokuwamo kabla hujainunua na hukuambiwa. Hiyo hurudishwa hata kama hamkushartiana lolote, na maandishi ya kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi hayamhalalishii muuzaji kuficha ubovu anaoujua. Ila kuna wajibu wa upande wako: ukiigundua kasoro, acha kuitumia papo hapo na uipeleke bila kuchelewa. Si haki kuishonea nguo zote za Idi kisha ukairudisha Mfungo Mosi. Sheria ya nchi nayo, ile ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa hiyo usiseme tu "naomba pasi". Sema ni ya kushonea, itawaka kutwa. Dai risiti ya mashine ya EFD, na utazame alama ya TBS.

Mwisho niseme juu ya pasi za zamani. Zile kavu nzito, zenye uso mnene wa chuma na mpini wa plastiki ngumu, zinarekebishika. Parafujo zake zinafunguka, na fundi wa umeme mwenye meza barazani aweza kubadilisha waya, kusafisha ncha za kidhibiti joto, hata kuweka koili mpya. Nyingi za kisasa zimebanwa kwa plastiki na zikifa ndiyo basi. Iliyotoka kwa fundi ipimwe kama mpya, kwa vipande vile vile viwili, na uhakikishe waya wa ardhi umerudishwa mahali pake, maana wapo wanaoukata ili kufupisha kazi.

Baadhi ya akina mama wameuliza pia kuhusu pasi zinazojizima zenyewe. Ni nzuri kwa nyumba yenye watoto, na wauza mifarishi huzichukia kwa kuwa hupoa kila wanaporudi kwenye cherehani. Nyingi hujizima baada ya dakika nane zikiwa zimesimama, na nusu dakika zikilala. Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano nitaichagua hiyo bila kusita, na mshonaji avumilie kungoja ipate joto.

Kwa darasa letu, kikao cha Jumamosi kilipitisha hivi. Inunuliwe pasi kavu moja ya wati 1200, kwa sharti la siku tatu, na mnunuzi awe mwalimu wa darasa pamoja na mshonaji mmoja, si katibu. Fedha itakayobaki ilipie matengenezo ya pasi ya zamani iliyotolewa sadaka na familia moja ya mtaa wa pili, ambayo waya wake umechanika lakini uso wake ni kama kioo. Na bibi ataleta pasi yake ya mkaa, itakayowekwa stoo kwa siku za giza na kuwashwa uani tu, chini ya mwembe.